Barua ya wazi kwa Mkuu wa Chuo cha Tiba: mgonjwa asiwe sanamu yetu ya kwanza

Kwa Mheshimiwa Mkuu wa Chuo cha Tiba.

Nakala: Mganga Mkuu wa hospitali yetu ya kufundishia; Wakuu wa Idara za Upasuaji, Magonjwa ya Ndani, Watoto, Uzazi na Usingizi.

YAH: MAFUNZO YA KUCHOMA, KUTOBOA NA KUINGIZA MIPIRA MWILINI KWA KUTUMIA SANAMU ZA MWILI WA MTU

Mheshimiwa Profesa,

Shikamoo.

Mimi ni mwanafunzi wako wa mwaka wa tano. Jina langu unalo, kwa kuwa hii ni barua ya nne. Ya kwanza niliikabidhi kwa mkono masjala, ikagongwa muhuri wa kupokelewa. Ya pili ilipitia kwa mwakilishi wa darasa. Ya tatu tuliitia saini wanafunzi 34. Kwa zote tatu, jibu tulilopata lilikuwa la mdomo, tena la kwenye korido: "Suala lenu linafanyiwa kazi." Tangu hapo muhula umekwisha na mwingine umeanza, na wadogo zetu wa mwaka wa tatu wanajiandaa kuingia wodini. Ndiyo maana leo naandika hadharani. Sitataja jina la chuo wala la mtu yeyote. Sina haja ya kumwaibisha mtu. Nina haja ya mlango mmoja kufunguliwa.

Naomba kwanza nikueleze usiku ulionifikisha hapa.

Nilikuwa zamu ya usiku kwenye wodi ya magonjwa ya ndani. Aliletwa mama mmoja, mtu mzima, ana homa kali na shingo imekakamaa. Dawa alianzishiwa palepale, kisha ikabidi achukuliwe maji ya uti wa mgongo yapelekwe maabara. Daktari wa zamu akaniuliza kama nimewahi kuona inavyofanywa. Nikamjibu kwamba nimeona mara mbili. Akaniambia, "Basi leo fanya wewe, nitasimama hapa." Alisimama kweli, mpaka alipoitwa kwa mgonjwa aliyekuwa anashindwa kupumua vitanda vitatu mbele. Simlaumu. Na mimi ningekwenda.

Mama alilazwa kwa ubavu, magoti yamevutwa kuelekea kifuani, muuguzi amemkumbatia mabega. Nilipapasa ncha za mifupa ya nyonga, nikafuata mstari hadi katikati ya mgongo, nikatafuta nafasi kati ya pingili ya tatu na ya nne ya kiuno. Kichwani nilijua kila kitu: kwamba kwa mtu mzima uti wenyewe huishia juu zaidi, karibu na pingili ya kwanza au ya pili ya kiuno, kwa hiyo pale chini ni salama, kwamba sindano ielekezwe kitovuni, kwamba nitasikia kama kitu kimeachia sindano inapopenya. Vidole vyangu havikujua lolote kati ya hayo. Sindano ya kwanza iligonga mfupa. Ya pili ikagonga mfupa. Ya tatu, mama alipiga kelele kwamba mguu wake wa kushoto umepigwa shoti. Ya nne ilileta damu. Daktari aliporudi, akavaa glavu mpya, akachukua sindano mpya, akahama nafasi moja, na maji yakaanza kudondoka kwenye kichupa. Sidhani kama alitumia dakika tano.

Asubuhi nilikwenda kumwangalia yule mama. Akaniuliza, "Mwanangu, jana ndiyo ilikuwa mara yako ya kwanza?" Nikamwambia ndiyo. Alinitazama kidogo, kisha akageukia ukutani.

Mheshimiwa Profesa, usiku ule, ghorofa moja chini ya ukumbi wetu wa mihadhara, kulikuwa na kiuno cha mpira kilichotengenezwa kwa kazi hiyo tu. Kina pingili ndani, kina ngozi inayobadilishwa ikichakaa, kina mfuko wa maji unaotoa matone sindano ikifika panapotakiwa. Ukikosea, kinakugongesha mfupa, nawe unarudi nyuma, unapapasa upya, unajaribu tena mara kumi au ishirini, na hakuna anayelia. Najua kipo kwa sababu nimekiona mara moja, siku chuo kilipopata wageni.

Baada ya hayo, naweka mezani malalamiko yetu.

1. Chumba cha mafunzo kipo, lakini hatukitumii.

Chumba hufunguliwa wanapokuja wakaguzi na wageni. Siku hiyo sakafu inapigwa deki, sanamu zinavalishwa mashuka meupe, na wanafunzi wachache huchaguliwa wasimame kando yake wapigwe picha. Kiuno ninachokisema bado kina nailoni ya kiwandani. Mkono wa kujifunzia kuweka kanula, yaani kimrija cha kupitishia dawa na maji kwenye mshipa, una tatizo la kinyume: ulitumika sana siku za nyuma, mshipa wake umetobolewa hadi maji mekundu yanavuja ovyo, na mshipa wa akiba haukuagizwa. Ile sanamu kubwa yenye kompyuta, inayopumua na kubadilisha mapigo ya moyo, tunaambiwa anayejua kuiendesha alihamishwa.

Ufunguo uko kwa ofisa mmoja, ambaye hufunga saa kumi jioni. Sisi tunatoka wodini saa kumi na moja.

2. Mgonjwa haambiwi ukweli.

Yule mama aliambiwa kwamba "daktari atakuchukua maji mgongoni." Akaridhia. Hakuambiwa kwamba huyo daktari ni mwanafunzi, wala kwamba mwanafunzi huyo hajawahi kushika sindano hiyo maishani mwake. Kuridhia kwa mtu ambaye hajaambiwa jambo lenye uzito kuliko yote si kuridhia. Na tuseme kweli: hatuwaambii kwa sababu tunajua wengi wangekataa. Kama ningeweza kumwambia, "Mama, mimi ni mwanafunzi, nimefanya hii kwenye sanamu mpaka nikafaulu, na mwalimu wangu yuko hapa pembeni," ningeisema sentensi hiyo bila aibu. Leo siwezi, kwa sababu si kweli.

3. Tunahesabiwa mara, hatupimwi uwezo.

Hili ndilo linaloniumiza zaidi, na naomba nikae nalo kidogo.

Daftari letu la vitendo linataka idadi: kanula kadhaa, mipira ya mkojo kadhaa, uti wa mgongo mara kadhaa. Ukileta daftari limejaa saini, umepita. Usiku wangu ule wa sindano nne, baada ya kila kitu, uliandikwa kwenye daftari kama "1" na kutiwa saini. Hakuna safu inayouliza kama ulifaulu, kama uliosha mikono, kama ulivunja usafi wa vifaa katikati ya kazi, kama ulijua wakati wa kuacha na kumwita aliyekuzidi.

Wapo waliofanya tofauti, wakaona matokeo. Katika Chuo Kikuu cha Northwestern, Chicago, madaktari wanaosomea ubingwa waliwekewa sharti kabla ya kupangiwa chumba cha wagonjwa mahututi: wajifunze kuweka katheta, yaani mpira mwembamba, kwenye mshipa mkubwa wa damu wa sanamu, kwa ultrasaundi (mashine inayoonyesha ndani ya mwili kwa mawimbi ya sauti), wakipimwa kwa orodha ya hatua, na asiyefikia alama iliyowekwa arudi kufanya mazoezi mpaka aifikie. Muda wa mazoezi ulitofautiana kati ya mtu na mtu, lakini kiwango cha kufaulu kilikuwa kimoja kwa wote. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2009 yalionyesha kwamba maambukizi ya damu yatokanayo na katheta hizo, katika chumba hichohicho, yalishuka kutoka 3.20 hadi 0.50 kwa kila siku 1,000 ambazo wagonjwa walikaa na katheta. Hapo hakuna dawa mpya iliyoongezwa. Kilichobadilika ni mikono iliyokuwa imefunzwa kabla ya kumgusa mgonjwa.

Ndiyo maana napata shida ninaposikia sanamu zikiitwa vifaa vya kuchezea vya wanafunzi. Mgonjwa ambaye hakupata maambukizi hayo hajui kama kuna sanamu iliyochomwa kwa niaba yake.

4. Kosa halina mahali pa kuzungumziwa.

Baada ya usiku ule hakuna aliyeniuliza nilikosea wapi. Nilikuja kuelewa mwenyewe, wiki kadhaa baadaye, kwamba mgongo wa mama ulikuwa umelala kidogo kuelekea mbele, kwa hiyo sindano yangu niliyoiona imenyooka ilikuwa ikienda pembeni. Hilo lingesemwa kwa dakika mbili. Walimu wanaofundisha kwa sanamu watakwambia kwamba zoezi lenyewe ni nusu ya somo. Nusu nyingine ni mazungumzo ya baadaye, mnapokaa chini na kuulizana: uliona nini, ulifikiri nini, kwa nini uliendelea ulipopaswa kuacha? Wodini hakuna nafasi hiyo. Mgonjwa anasikia, ndugu zake wako mlangoni, na mwalimu ameshaitwa kwingine. Mwanafunzi anabaki na aibu yake, na aibu haifundishi mkono.

5. Wanaoumia ni walewale.

Mgonjwa mwenye ndugu daktari, au mwenye uwezo wa kuuliza maswali, haguswi na mwanafunzi. Atasubiriwa bingwa. Anayechomwa mara nne ni yule asiye na wa kumsemea, aliyekuja usiku, anayeshukuru kupata kitanda. Sisi wanafunzi tunaliona hili kila zamu, na tunajifunza kulizoea.

Mheshimiwa Profesa, najua majibu yatakayotolewa, kwa sababu mengine nimeshayasikia.

Litasemwa kwamba walimu wetu walijifunza kwa wagonjwa na wakawa madaktari wazuri: ona moja, fanya moja, fundisha moja. Nawaheshimu sana walimu wangu, na ninaamini wengi wao wanawakumbuka wagonjwa wao wa kwanza kama ninavyomkumbuka yule mama. Ila isisemwe kwamba sanamu ni mtindo wa juzi. Nchini China, mwaka 1027, tabibu Wang Weiyi alikuwa na sanamu za shaba za ukubwa wa mtu, zilizotobolewa matundu katika sehemu za kuchomea sindano za tiba. Inasimuliwa kwamba siku ya mtihani zilipakwa nta zikajazwa maji. Aliyechoma mahali sahihi aliyaona maji yakitoka. Nchini Ufaransa, mwaka 1759, Mfalme Louis XV alimtuma mkunga Angélique du Coudray azunguke majimboni kufundisha uzalishaji. Yeye alibeba nyonga ya nguo na ngozi aliyoishona mwenyewe, pamoja na mtoto wa kitambaa, na kwa chombo hicho akafundisha maelfu ya wakunga. Kimoja kimehifadhiwa hadi leo katika jumba la makumbusho mjini Rouen. Sanamu ya kufundishia kuokoa mtu aliyeacha kupumua, ambayo karibu kila mtu wa afya ameipulizia mdomoni, ilitengenezwa mwaka 1960 na Asmund Laerdal, mtengenezaji wa vitu vya kuchezea watoto kutoka Norway. Wote hawa waliona jambo moja: mkono hujifunza kwa kukosea, na lazima uwepo mwili unaoweza kukosewa bila kuumia.

Litasemwa kwamba fedha hazipo. Vifaa vingi ninavyovitaja vilishanunuliwa. Viko ndani ya chumba kilichofungwa. Vinavyopungua ni ngozi na mishipa ya akiba. Na si kila zoezi linahitaji mashine ya kompyuta. Kuweka mpira kifuani kunaweza kufundishwa kwa ubavu wa mnyama kutoka buchani: mwanafunzi anajifunza kupita juu ya ubavu na kuukwepa ukingo wa chini, kwa sababu hapo ndipo mishipa ya damu na ya fahamu inapopita. Kuchoma mshipa kwa ultrasaundi kunafundishwa kwa jelatini iliyogandishwa na mirija ndani yake. Kwa kazi kama hizi, sanamu nyepesi yenye mwalimu inafundisha vizuri kuliko sanamu ya kifahari isiyo na mwalimu. Tena walewale wa Chicago walipiga hesabu mwaka 2010 wakakuta kwamba kila dola 1 iliyotumika kwenye mafunzo yale ilirudisha takriban dola 7, kwa sababu maambukizi yaliyozuiwa yangegharimu siku nyingi za kitanda na dawa.

Litasemwa kwamba sanamu si mtu. Hilo nalikubali kabisa. Sanamu haiogopi, haitokwi jasho, haisogei ghafla, haikuulizi asubuhi kama ilikuwa mara yako ya kwanza. Nakubali pia kwamba mwanafunzi aliyefaulu kwenye sanamu anaweza kuingiwa na kiburi akidhani amemaliza. Lakini kinachojifunzwa kwenye sanamu huhama na mtu. Katika utafiti wa Chuo Kikuu cha Yale uliochapishwa mwaka 2002, madaktari 16 wanaosomea upasuaji waligawanywa. Nusu yao wakafundishwa kwanza kwa kompyuta ya uhalisia pepe, inayoiga upasuaji kwenye skrini, kisha wote wakaingia chumba cha upasuaji kubandua mfuko wa nyongo kwa njia ya matundu madogo, kwa wagonjwa halisi. Waliopitia kompyuta walimaliza kazi hiyo kwa muda mfupi zaidi kwa 29%. Wasiopitia walikuwa na uwezekano mara 5 zaidi wa kujeruhi mfuko au kuunguza sehemu isiyohusika. Sanamu haichukui nafasi ya mgonjwa. Inachukua nafasi ya sindano zile mbili za kwanza zilizogonga mfupa.

Kuhusu ratiba kujaa, nitasema kidogo tu: tunakaa saa nyingi kwenye mihadhara ambayo slaidi zake tunazo tayari kwenye simu.

Kwa hiyo, Mheshimiwa Profesa, kwa heshima zote tunaomba yafuatayo:

(a) Chumba cha mafunzo kiwe wazi hadi saa tatu usiku siku za kazi, na pia Jumamosi. Ufunguo uwe na walinzi, kwa daftari la kusaini. Wanafunzi 34 tuliotia saini tuko tayari kupanga zamu za kukitunza na kukisafisha.

(b) Zitajwe kazi ambazo hakuna mwanafunzi atakayeruhusiwa kumfanyia mgonjwa kabla ya kufaulu kwenye sanamu. Tunapendekeza tuanze na tano: kanula, mpira wa mkojo, maji ya uti wa mgongo, mpira wa kifua, na mpira wa kupumulia. Kila moja iwe na orodha ya hatua na alama ya kufaulu, na asiyefaulu arudi bila kuaibishwa.

(c) Mara ya kwanza kwa mgonjwa, mwalimu asimame pale hadi mwisho. Akiitwa, kazi isimame ikiwa mgonjwa anaweza kusubiri. Ikiwa hawezi, ifanywe na aliyebobea.

(d) Mgonjwa aambiwe nani anamshika, naye awe na haki ya kukataa bila kutendewa vibaya.

(e) Apatikane mtu wa kuiendesha sanamu ya kompyuta, na mwalimu mmoja kwa kila idara apewe saa rasmi za kufundisha chumbani humo, zikihesabiwa kama saa za mihadhara.

(f) Ngozi na mishipa ya akiba iingizwe kwenye bajeti ya kila mwaka, kama glavu zinavyoingizwa.

Tunaomba majibu ya maandishi ndani ya siku 14, yakionyesha lipi linakubaliwa, lini litaanza, na lipi linakataliwa kwa sababu gani. Ukituita kuzungumza, tutakuja, na tutakuja na daftari zetu za vitendo ili uone zinavyojazwa.

La (a) haliwezi kungoja siku 14. Jumatatu ijayo mwaka wa tatu wanaingia wodini kwa mara ya kwanza. Nimeona orodha yao. Wako zaidi ya mia moja, na kanula ya kwanza ya kila mmoja wao, kwa utaratibu wa sasa, itakuwa kwenye mkono wa mtu. Mkono wa mpira uko ghorofa ya chini, mlango wa pili kushoto. Unahitaji mshipa mpya na mtu wa kufungua.

Wako mtiifu,

Mwanafunzi wa mwaka wa tano, kwa niaba ya wanafunzi 34 waliotia saini barua ya tatu.